Haki ya Mama Kupumzika Baada ya Idi

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyetujaalia mchana wa kutafuta na usiku wa kutulia. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ramadhani ikikaribia, kila mwenye kalamu huandika. Twaandika juu ya kuandama kwa mwezi, juu ya yanayobatilisha saumu, juu ya zaka ya fitri na sala ya Idi. Idi ikisha kupita kalamu huwekwa chini, kana kwamba dini nayo imekunjwa pamoja na majamvi. Leo tumeona tuandike juu ya siku hizo zisizoandikiwa, na juu ya mtu ambaye siku hizo humkuta hana tena nguvu ya kusimama, naye ni mama wa nyumba.

Swali tunalotaka kuliuliza ni hili. Mama akikaa kupumzika baada ya mwezi mzima wa shughuli, je, anachukua kilicho chake, au anapewa hisani na watu wa nyumbani? Msomaji huenda akasema kuwa ni mamoja, maadamu amepumzika. Si mamoja. Kilicho haki hudaiwa, na mwenye kukizuia ana dhambi. Kilicho hisani hungojewa, na asiyekitoa halaumiwi. Nyumba zetu nyingi zimelitia pumziko la mama katika fungu la pili, nasi twadai kuwa mahali pake ni katika fungu la kwanza.

Swali hili halikutujia tukiwa kitabuni. Lilitujia safarini, Mau Narok.

Wasomaji wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu huenda wengi wao hawajafika huko, lakini huenda mazao ya huko yamewafikia wao. Mau Narok iko katika Kaunti ya Nakuru, juu ya Njoro, mgongoni mwa milima ya Mau, zaidi ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari. Ni nchi ya baridi na ukungu, na mashamba yake ni ya ngano, shayiri, karoti na viazi. Viazi vya bara kama hivyo hupakiwa malorini vikashuka hadi soko la Kongowea, na kutoka hapo huingia katika makarai yetu: viazi karai, katlesi, na sambusa zile ambazo bila hizo wengine huona futari haijatimia.

Mwaka 1445 wa Hijra, Idi al-Fitri iliangukia tarehe 10 Aprili 2024. Haijatimia siku kumi za Shawwal, tulikwenda Mau Narok kwa wito wa ndugu mmoja, mtu wa pwani aliyehamia huko kwa biashara ya viazi. Tulifika alasiri, mvua ya masika inanyesha, nasi tunatetemeka kama vifaranga. Mama wa nyumba, ambaye ni mzaliwa wa Mombasa, alitupokea kwa chai ya tangawizi na mahamri na mbaazi za nazi. Hatukujua, mpaka ilipoadhiniwa magharibi, kuwa yeye mwenyewe alikuwa amefunga. Alikuwa katika zile sita za Shawwal. Alifungua kwa tende na maji, akarudi jikoni, na baada ya isha tukaandikiwa pilau la kuku.

Tulipokwisha kula tulikaa kuzungumza. Mama akaja na dele la kahawa na vikombe katika sinia, akasimama kando ya mlango akingoja mumewe amalize maneno yake. Mazungumzo yakarefuka. Mara tukasikia kishindo. Sinia limemponyoka, vikombe vimevunjika, naye ameshika mwimo wa mlango. Alikuwa amelala hali ya kuwa amesimama.

Mumewe alicheka kwa haya, akasema, "Tuwie radhi, Maalim. Wanawake wa siku hizi hawana nguvu za mama zetu."

Yeye akasema kwa sauti ndogo, "Niwieni radhi, Maalim. Nilipitiwa." Kisha akainama kuokota vigae.

Nasi tulisema nini? Tulisema, "Haidhuru." Vikaletwa vikombe vingine, tukanywa kahawa.

Jambo hilo latukera hata leo. Vikombe si kitu. Kinachotukera ni kuwa tulikuwa na ulimi wa kusomesha watu dini, na mbele yetu palikuwa na mtu aliyedhulumika, na sisi wenyewe tulikuwa sehemu ya mzigo wake, nasi tukanyamaza.

Asubuhi mwenyeji wetu alitupeleka kuona ghala lake. Upande mmoja palikuwa na magunia yanayongoja lori. Alitueleza kuwa zamani wanunuzi walizoea kuongeza kipande juu ya gunia, kama kilemba, ili liingie zaidi kwa bei ile ile, na wapagazi waliumia migongo. Kanuni za zao la viazi za mwaka 2019 zimeweka kilo 50 kuwa kikomo cha gunia. Upande wa pili palikuwa na viazi vya mbegu vimetandazwa katika vichanja vya mbao. Tukamwuliza kwa nini vile havijapandwa hali mvua imekwisha kuanza. Akatujibu, "Hivi havijaamka, Maalim." Akatueleza kuwa kiazi kikichimbwa leo hakichipui kesho. Mwenyezi Mungu ametia ndani yake usingizi, na kwa aina nyingi usingizi huo ni kama miezi miwili au mitatu. Ukikipanda kabla hakijaamka, hukaa ardhini hakioti, au huota kwa unyonge. Iko aina iitwayo Shangi inayoamka upesi mno, na kwa sababu hiyo haikai sana ghalani.

Tukamwambia, "Ndugu yetu, kiazi umekipa miezi miwili. Aliyelala jana amesimama, umempa siku ngapi?"

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Wallahi, Maalim, sijapata kulifikiri hilo."

Msomaji asidhani kuwa tulimshinda kwa hoja. Hoja yetu ilikuwa na kasoro, na kasoro hiyo tutaieleza mbele. Kwanza tuihesabu kazi yenyewe, maana watu hawaoni dhuluma ya kitu wasichokihesabu.

Mwezi wa Ramadhani mama huamka saa tisa au saa kumi ya usiku kutengeneza daku. Watu wakila yeye huhudumu, na aghalabu hula tonge mbili tatu adhana ikimkimbiza. Baada ya alfajiri wengine hurudi kulala. Yeye ana watoto, ana maji, ana nguo, na siku hizi wengi wao wana ofisi au duka pia. Tangu adhuhuri jiko huwaka: uji, kaimati, mkate wa sinia, tambi, mbaazi, viazi, samaki. Magharibi ikifika wanaume wana tende mkononi, naye yuko jikoni anageuza sambusa ya mwisho. Watu wakienda tarawehe yeye ana vyombo. Hayo mara siku ishirini na tisa au thelathini. Kisha huja Idi, na nyumba huoshwa, mapazia hubadilishwa, nguo hushonwa, vileja na visheti hupikwa, wageni hupokewa Idi mosi na Idi pili na siku za baadaye. Na wengi wakisha kuondoka, yeye huanza kulipa siku alizokula kwa udhuru wa kike, au hufunga sita, huku chungu hakijashuka jikoni.

Katika hayo yote, sheria imewajibisha yapi? Saumu imewajibisha. Sala imewajibisha. Ama sahani saba za futari, hizo zimewajibishwa na mila, na mashindano ya majirani, na tumbo la mwenye kusema kuwa amefunga. Sheria haikulitia gunia hili kilemba, tumekitia sisi. Mwenyezi Mungu ametueleza katika Kitabu chake kuwa haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Ajabu ni kuwa serikali imeuwekea kikomo mzigo wa mpagazi wa viazi, na Mola ameuwekea kikomo mzigo wa kila mja, nasi majumbani mwetu tuna mtu mmoja ambaye mzigo wake hauna kikomo, kisha huyo ndiye tunayedai kumpenda kuliko wote.

Sasa tutazame Sunna. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) aliingia msikitini akaona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akauliza ni ya nini. Akaambiwa kuwa ni ya Bi Zainab. Anaposali usiku akachoka, huishika ili apate kuendelea kusimama. Mtume akaamrisha ifunguliwe, akawaelekeza watu kuwa mtu asali akiwa na nguvu, akichoka akae.

Tufikiri vyema juu ya jambo hili. Bi Zainab hakuwa anageuza sambusa. Alikuwa katika sala, tena sala ya usiku, ambayo ni tukufu katika ibada za sunna. Hakuna aliyemlazimisha. Alijichosha kwa hiari yake na kwa mapenzi ya Mola wake. Hata hivyo Mtume hakusema, "Mwacheni, ana ujira mkubwa." Alisema kamba ifunguliwe. Ikiwa mwanamke hakuachwa ajishikize kwa kamba katika ibada, vipi tutamwacha ajishikize kwa mwimo wa mlango ili atunyweshe kahawa?

Na katika habari hiyo liko jambo la pili ambalo wengi hulipita. Mtume hakutosheka na kumwambia Bi Zainab apumzike. Aliamrisha kile kinachomzuia asipumzike kiondolewe. Hili ndilo tunalolikosa sisi. Twamwambia mama, "Kaa upumzike," hali sufuria zimejaa uchafu, nguo zimerundikana, na wageni wanabisha hodi. Neno hilo halina uzito. Mwenye kumwambia mama apumzike, naye hakushika hata ufagio, ameiacha kamba mahali pake akaongeza maneno tu.

Turudi kwenye fiqhi, maana wapo watakaosema kuwa kazi za nyumba ni wajibu wa mke, na mwenye wajibu hana hoja. Watu wa pwani yetu ni wafuasi wa Imam Shafi, na kitabu cha Minhaj cha Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, yaani 1277, kinajulikana katika darasa zetu. Afungue mwenye kutaka, atazame mlango wa masurufu. Ataona kuwa mume yampasa ampe mkewe nafaka, na kwa kauli iliyo sahihi zaidi, kuisaga na kuioka pia ni juu yake mume. Na mke ambaye katika nyumba ya wazee wake alikuwa akihudumiwa, mume yampasa ampatie wa kumhudumia. Hatusemi haya ili wake wazime majiko kesho. Nyumba hujengwa kwa mapenzi na kusaidiana, na mila njema ina nafasi yake katika dini, na wanavyuoni wa madhehebu nyingine wana maneno yao. Twasema haya ili tujue jina la kile tunachokula. Pilau lile halikuwa deni lililolipwa. Lilikuwa ihsani iliyotolewa. Na Mola wetu ametufunza kuwa malipo ya ihsani hayawi ila ihsani. Basi aliyehisani kwa siku thelathini na zaidi, akihitaji siku chache za kunyoosha mgongo, ni nani mdai na ni nani mdaiwa?

Yako maneno matatu ambayo husemwa kupinga haya, nasi tutayajibu kwa insafu.

La kwanza, husemwa kuwa Bi Fatma, binti wa Mtume, alisaga kwa mikono yake mpaka ikaathirika, akaenda kuomba mtumishi, wala hakupewa; akafundishwa kumsabihi Mwenyezi Mungu mara thelathini na tatu, na kumhimidi mara thelathini na tatu, na kumtukuza mara thelathini na nne. Basi wanawake wetu nao wasubiri. Twajibu kuwa habari ni ya kweli, lakini waitumiao hivyo huikata nusu. Mtume hakumwambia bintiye kuwa ni mvivu, wala hakuyaona malalamiko yake kuwa ni aibu. Alimwendea mwenyewe usiku ule ule, akawakuta yeye na mumewe wamekwisha kulala, akakaa nao. Tena dhikri ile aliwafundisha wote wawili, wala hakumhusu mke peke yake. Na aliwafundisha waisome lini? Wanapolala kitandani. Dawa hiyo yataka mgonjwa awe amelala. Mama ambaye hapati kulala ataisoma wapi? Ama Mtume mwenyewe nyumbani mwake, Bi Aisha alipoulizwa alikuwa akifanya nini, alijibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na wakati wa sala ukifika akatoka kwenda kusali. Mwenye kutaka kumfuata Mtume na aanzie hapo.

La pili, husemwa kuwa Qurani yenyewe, katika sura ya Inshirah, yamtaka mtu akimaliza jambo ashike bidii tena, kwa hiyo hapana kupumzika. Twajibu kuwa aya hiyo haikuishia hapo. Inayofuatia yaelekeza hamu ya mtu kwa Mola wake. Wengi katika wafasiri wamesema kuwa ni bidii ya ibada na dua baada ya kumaliza shughuli nyingine. Si amri ya kumaliza masufuria ya Idi ukaanza kufua mapazia. Na sura hiyo imeanza kwa kukumbusha neema ya kifua kukunjuliwa na mzigo uliolemea mgongo kuondolewa. Asomaye mwisho wake asisahau mwanzo wake.

La tatu ndilo zito, na husemwa na akina mama wenyewe. "Mimi sijachoka. Nikikaa bure naumwa." Twamheshimu mwenye kusema hivyo, lakini twamwomba ajichunguze. Wengi wamelelewa toka utotoni waamini kuwa thamani yao imo mikononi mwao, na kwamba mikono ikitulia hawana thamani. Wengine wanamwogopa mkwe, au jirani, au wifi atakayesema kuwa nyumba ya fulani haina mwenyewe. Hayo si furaha ya kazi. Hayo ni hofu iliyovaa nguo ya furaha. Na binti anayemtazama mamake asipate kukaa, huyo naye anasomeshwa; na mwana wa kiume anayemtazama, yeye husomeshwa kuwa chakula huja chenyewe.

Sasa turejee kwenye ile kasoro tuliyoiahidi. Tulimwambia mwenyeji wetu kuwa kiazi hupewa usingizi, basi na mkewe apewe. Maneno yalimwingia, nasi tulifurahi. Lakini njiani, tukishuka kwenda Njoro, tuliona kuwa tumemfunza nusu ya haki. Mkulima akikiacha kiazi kilale, hafanyi hivyo kwa ajili ya kiazi. Afanya kwa ajili ya mavuno yake. Akilipumzisha shamba, alipumzisha ili alilime tena. Mwenye gari hulipeleka gereji kwa nia hiyo hiyo. Ikiwa twampumzisha mama ili mwakani apike zaidi, basi hatujampumzisha. Tumekitengeneza chombo chetu.

Mama si shamba la mtu. Kabla hajawa mama yetu au mke wetu alikuwa mja wa Mwenyezi Mungu, ana roho yake, ana hesabu yake peke yake Siku ya Kiyama, wala pilau letu halitamjibia maswali. Salman, sahaba wa Mtume, alipomzuru ndugu yake Abu Dardai akamkuta amejisahau na ameisahau nyumba yake kwa wingi wa ibada, alimkumbusha kuwa Mola ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Na Mtume akalithibitisha neno lake. Nafsi imetajwa peke yake, na haki yake peke yake. Haikusemwa kuwa nafsi ipumzishwe ili ifae wengine. Kwa hiyo mama ana haki ya saa ambayo haimletei mtu yeyote faida: saa ya kulala bila kuamshwa, ya kusoma juzuu moja taratibu, ya kuwazuru wazee wake, ya kukaa barazani na shoga yake wakacheka. Hatuna ruhusa ya kumwuliza, "Umepumzika, umetuletea nini?"

Na dini imemrahisishia kuliko sisi tunavyomrahisishia. Siku za Ramadhani zilizompita kwa udhuru, ana nafasi ya kuzilipa mpaka kabla ya Ramadhani nyingine. Bi Aisha mwenyewe amesimulia kuwa alikuwa hawahi kuzilipa ila katika mwezi wa Shaabani. Na sita za Shawwal zina mwezi mzima. Kweli wanavyuoni wa madhehebu yetu wamependelea zifuatane, lakini mwenye kuzitawanya ndani ya Shawwal sunna ameipata. Basi mama asikimbizwe na watu mahali ambapo Mola wake amempa muhula.

Liko jambo jingine lisilofaa kunyamaziwa. Nyumba nyingi za miji yetu zina msichana wa kazi, na wengi katika hao watoka bara, katika vijiji kama vya huko tulikokwenda. Baadhi ya watu wakisikia maneno yetu watasema, "Vyema, mama apumzike, kazi zote afanye msichana." Huko ni kuhamisha dhuluma, si kuiondoa. Mtume ametukataza kuwakalifisha wanaotuhudumia wasiyoyaweza, na tukiwakalifisha tuwasaidie. Na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yampa kila mfanyakazi walau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Naye yawezekana kuwa ni mama, na wanawe hawakumwona Idi.

Kwa hayo twawanasihi ndugu zetu mambo machache. Idi ikisha kupita, waume na vijana wa kiume washike jiko siku tatu kamili, wapike wanachokiweza, hata kama ni wali na maharage, na wale bila kukosoa. Wageni wapige simu kabla ya kuja, wala wasije wakati wa kailula. Sisi tunaoitwa maalim na sheikh tuwe wa kwanza kusema, "Maji yatatosha." Na Ramadhani ijayo futari ipunguzwe, maana pumziko bora ni la mtu ambaye hakuchoshwa kupita kiasi toka mwanzo.

Twamaliza kwa jambo linalotuhusu wenyewe, ili msomaji asidhani kuwa tumekwenda Mau Narok kutafuta makosa ya watu. Tuliporudi Mombasa tulimwuliza mama wa watoto wetu, "Mara ya mwisho kusali sala ya Idi pamoja na watu ilikuwa lini?" Tuliuliza kwa sababu Mtume aliamrisha wanawake watolewe kwenda kushuhudia Idi, hata wale walio katika udhuru wasioweza kusali, washuhudie kheri na dua ya Waislamu, nasi tumeisomesha hadithi hiyo miaka mingi.

Alifikiri kidogo, akasema, "Kabla ya kuzaliwa mtoto wa kwanza."

Tukamwuliza ni kitu gani kilichomzuia. Akajibu, "Pilau lenu. Mkirudi mwataka mlikute tayari."

Mtoto huyo wa kwanza sasa ana ndevu. Hatukuwa na jibu la kumpa, wala hapakuwa na kitabu cha kufungua. Idi iliyofuata tulikwenda kusali sote, na tuliporudi hapakuwa na pilau. Tulikula mkate na chai, tukawasha jiko baadaye sisi na vijana, na wali ukaungua chini. Mama wa watoto alikaa barazani na nguo zake za Idi, wala hakuinuka. Twakiri kuwa ilituwia vigumu kumwona amekaa, na kwa ugumu huo ndipo tulipojua kamba ile ilivyokuwa imefungwa kwa nguvu, na ni nani waliokuwa wameifunga.

Kila mtu asema kuwa Pepo iko chini ya nyayo za mama. Basi na tutazame nyayo hizo kama zimevimba. Twamwomba Mwenyezi Mungu awalipe mama zetu walio hai na waliotangulia, atusamehe tuliyowakalifisha, na atujaalie kumpa kila mwenye haki haki yake. Amin.